Nina laki tatu: nibadilishe mazabodi na prosesa ya kompyuta yangu ya steshenari, au kuna njia bora?

MamaSteshenari_Moro:

Habari zenu wakuu. Naomba mnisome hadi mwisho, nimejaribu kufupisha nikashindwa.

Nina steshenari ndogo hapa Morogoro, upande wa njia ya kwenda SUA. Nachapa, natoa fotokopi, napiga picha za paspoti, nawajazia watu maombi ya mikopo na ya ajira mtandaoni, na msimu wa wanafunzi kumaliza napangilia ripoti na tasnifu zao. Kazi zote hizo zinabebwa na kompyuta moja ya mezani niliyounganishiwa mwaka 2013 kwa hela ya upatu. Imenisomeshea mtoto wa kwanza hadi kidato cha sita.

Haina jina la kampuni, ni kesi nyeusi ya kuunganisha. Ndani kuna mazabodi (bodi kuu) ya G41, prosesa Core 2 Duo E7500 ya 2.93 GHz, RAM (kumbukumbu ya muda) GB 4 za DDR2 (vipande viwili vya GB 2), na hadidiski ya SATA GB 250. Pawa saplai imeandikwa wati 450 lakini ukiishika ni nyepesi kama kopo tupu. Windows ni 10. Kwenye taarifa za mfumo imeandikwa 32-bit, na kwenye RAM inasema GB 4 lakini zinazotumika ni 3.25. Hilo sijawahi kulielewa.

Sasa tatizo. Wiki iliyopita alikuja binti anayetakiwa kuwasilisha tasnifu saa nane mchana. Kurasa 94, na ndani imejaa picha za mashamba ya mpunga ya Kilombero alizopiga kwa simu. Kila nikishuka ukurasa, Word inaganda, dirisha linakuwa jeupe, nasubiri. Nikibonyeza tena ndiyo inazidi. Ilipofika saa saba na nusu nikamwambia mwanangu, kachape kwingine, nisikuponze. Aliondoka anakimbia na flashi mkononi. Nilifunga duka mapema siku ile, nikakaa ndani nawaza wangapi wameondoka hivyo hivyo bila mimi kujua.

Fundi wa jirani amekuja kuitazama, anasema dawa ni kubadilisha mazabodi na prosesa. Ataniwekea H61 na i3-2100 kwa laki mbili na thelathini pamoja na ufundi. Anasema RAM yangu na feni ya prosesa zitatumika hizi hizi, hakuna haja ya kununua nyingine. Mimi nina laki tatu. Hiyo laki tatu ndiyo ya rimu za karatasi na wino kabla wateja wa mikopo hawajaanza kumiminika, kwa hiyo nikiikosea msimu mzima umeharibika.

Je, bei hiyo ni ya haki? Na hiyo i3 itanibeba miaka mingapi? Kama kuna njia nyingine niambieni, hata kama ni ya kuanza upya.

Mwl_Fizikia:

Pole sana dada. Kabla hujatoa hata mia, tupime kwanza. Daktari hakati mguu kwa kusikia tu mgonjwa anachechemea.

Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha la Task Manager. Bonyeza "More details" kama liko dogo. Utaona safu tatu muhimu: CPU (prosesa), Memory (RAM) na Disk (hadidiski). Liache wazi, halafu fungua ile tasnifu ya yule binti kama bado unayo, fungua na kivinjari chenye kurasa zako za kawaida, ufanye kazi kama siku zote. Inapoganda, usiiguse. Tazama ni safu ipi imekuwa nyekundu na imekaa hivyo muda gani. Lete namba hapa.

MamaSteshenari_Moro:

Mwalimu nimefanya jana jioni, nimeandika kwenye daftari.

Ikiwaka tu, Disk inakaa 100% kwa dakika sita hivi, hata sijafungua kitu. Nikifungua ile tasnifu pamoja na kivinjari, Memory inapanda 91% na Disk inarudi 100% na kubaki hapo. CPU inaruka 100% kurasa zinapofunguka, kisha inashuka kwenye arobaini. Wakati Word iko nyeupe, CPU ilikuwa 38% na Disk 100%. Nimelitazama hilo mara tatu, ni lile lile.

Mwl_Fizikia:

Basi umeshajijibu nusu. Kompyuta inapoganda, prosesa yako imekaa tu inasubiri. RAM ikijaa, Windows huanza kuhamishia vitu kwenye hadidiski, na hadidiski ni sahani inayozunguka yenye kichwa kinachokimbia huku na huko kutafuta. Ukibadilisha mazabodi na prosesa ukairudisha hadidiski ile ile, utakuwa umenunua dereva mpya kwa gari lililokwama kwenye tope.

Kuhusu zile 3.25: Windows ya 32-bit haiwezi kuhesabu anwani za kumbukumbu zaidi ya GB 4, na sehemu ya anwani hizo hushikwa na vifaa vingine kama kadi ya picha. Kinachobaki ndicho unachokiona. E7500 ni prosesa ya 64-bit kabisa, ni wewe tu uliwekewa Windows nusu.

Namwachia fundi wa humu aendelee na bei, mimi ni mtu wa darasani.

FundiMchikichini:

Dada, mimi niko Kariakoo, kazi hii nimeifanya miaka kumi na moja. Nisome polepole.

Kwanza kuhusu uliyoambiwa. RAM yako ni DDR2. H61 inatumia DDR3. Vile vipande havibadilishani: kile kijikato cha chini hakipo mahali pamoja, hakiingii. Feni nayo haifai. Soketi ya prosesa yako ni LGA775, matundu yake manne yamepishana milimita 72. Soketi za LGA1155, ambazo ndizo za H61, zimepishana milimita 75. Milimita tatu hizo zinatosha kuifanya feni isikae, na ukilazimisha inakaa upande, prosesa inaungua joto. Sisemi fundi wako ni tapeli. Inawezekana hajafungua kesi akatazama. Lakini ile laki mbili na thelathini si bei ya mwisho, ukifika katikati ya kazi utaambiwa uongeze RAM, uongeze feni, na mashine imeshafunguliwa mezani.

Pili, i3-2100. Ni prosesa ya 2011, ina viini viwili, yaani sehemu mbili za kufanyia kazi kwa pamoja. Itakuwa bora kuliko E7500, ndiyo, lakini usiinunue. Kwenye bodi ile ile ya H61 inakaa i5-3470 ya 2012 yenye viini vinne halisi, 3.2 GHz, inapanda hadi 3.6. Huku mtaani tofauti ya bei kati yake na i3 ni ndogo, wiki hii nimeziona i5-3470 zinauzwa elfu 55. Prosesa mtumba ni kitu salama kununua kuliko mazabodi mtumba. Prosesa ama inafanya kazi ama haifanyi, ni nadra sana kuikuta inaumwa nusu nusu.

Ila kuna mtego. H61 ilitoka pamoja na prosesa za kizazi cha pili. Zile za kizazi cha tatu kama i5-3470 zinataka BIOS iliyosasishwa, yaani ile programu ya ndani ya bodi inayoamka kabla ya Windows. Bodi ambayo haikusasishwa, ukiweka i5-3470 haionyeshi kitu, skrini nyeusi, utadhani umeuziwa mbovu. Kwa hiyo usinunue bodi duka hili na prosesa duka lile. Nunua pamoja, zifungwe mbele yako, ziwake mbele yako, uone jina la prosesa kwenye BIOS kwa macho yako. Muuzaji akisema "hii ni uhakika, kapime nyumbani", shukuru utoke.

Ukiwa pale, kabla prosesa haijawekwa, omba tochi ya simu utazame soketi. Pini ziko kwenye bodi, siyo kwenye prosesa. Ni nyingi, ndogo kama nywele, na zote zinatakiwa zielekee upande mmoja na kung'aa sawasawa. Ukiona mahali mwanga unakatika au pini moja imelala, iache. Mwaka juzi nilinunua bodi kumi kwa haraka, tatu zilikuwa zimelala pini. Mbili niliziinua kwa sindano, ya tatu ilikatika. Tangu siku hiyo sinunui bila tochi. Tazama pia kapasita, zile kopo ndogo: ziwe bapa juu, isivimbe hata moja. RAM ipimwe kwenye nafasi zote mbili, na matundu yote ya USB yajaribiwe, maana wewe printa na skana zako zinaishi kwenye USB.

Ukipata bodi ya B75 kwa bei inayokaribia, chukua hiyo. Ina USB 3 na tundu moja la SATA, la kuchomekea diski, la kasi ya 6 Gbps. H61 yenyewe SATA zake ni za 3 Gbps. Kwa kazi yako usiumie sana juu ya hilo, faida kubwa ya SSD, diski isiyo na sahani ya kuzunguka, ni kupata vitu vidogo vidogo papo kwa papo, na hiyo utaipata hata kwenye 3 Gbps.

Mpangilio wangu ni huu: nunua SSD kwanza, leo, hata kabla ya kitu kingine. Ifunge kwenye hii hii kompyuta, weka Windows ya 64-bit, ufanye kazi wiki mbili. SSD haipotei, utahama nayo. Kisha kama bado unaona inakubana, ndipo uje kwenye bodi, i5, RAM GB 8 za DDR3, feni, na pawa saplai. Hiyo pawa yako nyepesi usiiamini. Pawa mbovu ikifa huondoka na bodi.

Mzee_wa_Bamburi:

Salaam kutoka Mombasa. Dadangu, mie nina saiba Bamburi, kompyuta kumi na mbili, na ushauri wangu ni tofauti na wa huyo bwana. Wacha kuhangaika na vipande. Nunua mashine nzima.

Huku kwetu zile tunazoziita ex-UK zimejaa. Dell OptiPlex au HP EliteDesk, zimetoka maofisini, mtu anakupa i5 kizazi cha nne, RAM GB 8, kwa elfu kumi na mbili za Kenya. Ukipiga hesabu ya pesa zenu haifiki hata laki mbili na nusu. Na huko kwenu najua zipo, nyingine zapitia Dubai. Zimeundwa kukaa ofisini mchana kutwa. Mie mashine zangu nane ni za hivyo na sijafungua hata moja kwa ubovu wa bodi, mwaka wa nne huu.

Jambo moja la kutahadhari. Hizo mashine za kampuni hazikubali kuchanganywa. OptiPlex 9020 plagi ya pawa inayoingia kwenye bodi ina pini 8, EliteDesk 800 G1 ina pini 6, wakati pawa ya kawaida ina pini 24. Siku pawa ikifa huendi dukani kuchukua yoyote, watafuta ya aina hiyo hiyo au adapta. Lakini kwa mtu wa kazi, si wa kucheza na vipuri, bado ndio mpango.

FundiMchikichini:

Mzee wa Bamburi sikupingi. Kama dada angekuwa anaanza na mikono mitupu ningemwambia hivyo hivyo. Kwa hapa Dar mashine ya aina hiyo, i5 kizazi cha nne, GB 8, juzi nimeona 290,000 ikiwa na hadidiski ya kawaida, bila SSD. Akishailipa hana hela ya SSD, na tatizo lake kubwa lilikuwa diski. Kesi anayo na hadidiski ya pili ya kuhifadhia kazi za wateja anayo.

Chuga_Tech:

Wakuu mbona mnampa dada vitu vya makumbusho? Siku hizi kuna bodi za X99 za Kichina, unaweka prosesa ya seva, Xeon E5-2670 v3, viini 12, nyuzi 24! Bodi na prosesa na RAM vinauzwa seti. Hiyo i5-3470 haioni ndani.

FundiMchikichini:

Mdogo wangu, hizo mashine nazijua na kwa mtu wa video nzito ninazifunga. Lakini tazama kazi ya mteja. Xeon E5 haina picha ya ndani, ni lazima anunue kadi ya picha hata kama anachofungua ni Word tu. Prosesa yenyewe ni ya wati 120, i5-3470 ni 77. Pawa nzuri ni lazima. Tuseme kwa wastani mashine yote imezidi wati 60 tu, duka lake liko wazi saa 12. Hiyo ni uniti 0.72 kwa siku, kwa shilingi 356 ya uniti ni 256 kila siku, karibu 6,700 kwa mwezi wa siku 26. Hela hiyo inatoka kwenye fotokopi. Na Word haitumii viini 12, inategemea kasi ya kiini kimoja.

Chuga_Tech:

Sawa kaka, la umeme sikuliwaza. Dada basi fuata hiyo ya i5.

Mwl_Fizikia:

Niongeze moja ambalo hamjalisema. Microsoft ilisitisha masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 rasmi inataka prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane na TPM 2.0, chipu ya usalama. Kwa hiyo i5-3470, na hata hiyo i5 ya kizazi cha nne ya Mzee wa Bamburi, zote ziko nje ya orodha. Katika hilo hazipishani. Kuna mpango wa masasisho ya usalama ya nyongeza unaofika 13 Oktoba 2026, unajiandikisha ndani ya Settings, sehemu ya Windows Update. Dada ujiandikishe, wewe unashika vyeti na namba za vitambulisho vya watu.

Baada ya hapo kuna Linux Mint, mfumo wa bure wa kutumia badala ya Windows, inakwenda vizuri kabisa kwenye mashine kama hizo.

MamaSteshenari_Moro:

Ahsanteni sana, nimesoma kila neno, mengine mara mbili.

Mwalimu, Linux nitaifikiria kwa kompyuta ya mwanangu. Hapa dukani wanafunzi wanaleta kazi ya Word, na mstari mmoja ukihama orodha ya yaliyomo inavurugika yote, lawama ni yangu. Nabaki Windows.

Nimeanza na SSD kama fundi alivyosema. GB 240, nimeipata hapa hapa Morogoro kwa 65,000. Mdogo wangu aliyesoma VETA amenifungia Jumapili. Boksi langu la Windows 7 nililonunua 2013 lilikuwa na diski mbili, ya 32 na ya 64, mimi sikujua maana yake nikaiweka kabatini miaka yote hii. Windows 10 ya 64-bit tumeiweka kwa flashi, na kwa kuwa leseni ilishaunganishwa na akaunti yangu, imekubali.

Ile dakika sita ya kuwaka imekuwa sekunde hamsini. Ile tasnifu ya kurasa 94 imefunguka nikiwa bado nimeshika kipanya. Niliishusha hadi mwisho na kuipandisha, hadi mwisho na kuipandisha, sikuamini.

Wasiwasi wangu ulikuwa printa ya leza, CD yake ina draiva (programu za kuiunganisha na Windows) za 32-bit tu. Nimekuta ya 64-bit kwenye tovuti ya watengenezaji wake, imekubali.

Nafanya kazi hivi wiki mbili kisha narudi.

MamaSteshenari_Moro:

Wiki tatu zimepita, nimerudi.

Kazi za Word na fotokopi sasa hazina shida. Lakini mambo mawili bado. Nikiwa na maombi ya mtandaoni kwenye kurasa tano sita na Photoshop iko wazi kwa picha za paspoti, Memory inafika 95% na mambo yanapungua kasi, ingawa haigandi kama zamani. Na CPU sasa ndiyo inayokaa 100% kwenye kurasa nzito. Kumbe ilikuwa imejificha nyuma ya diski.

Kwa hiyo Jumamosi nilipanda treni ya SGR ya asubuhi kwenda Dar, nauli 13,000 kwenda na 13,000 kurudi, nikaenda Kariakoo na tochi. Duka la kwanza soketi ilikuwa na pini zimelala kwenye kona, niliziona mwenyewe, na muuzaji akaniambia "hizo hazitumiki". Nikatoka. Duka la tatu kijana alikuwa mstaarabu sana, akaniwashia kila kitu mezani bila kuombwa mara mbili. B75 ilikuwa elfu 110 nikaiacha. Nimechukua H61 kwa 75,000, i5-3470 kwa 55,000, RAM za DDR3 GB 4 mbili kwa 30,000, feni 12,000, pawa saplai mtumba iliyotolewa kwenye mashine ya ofisini, ya pini 24, nzito, 25,000, na dawa ya prosesa ya kupitisha joto 3,000. Niliiona BIOS imeandika i5-3470 na GB 8, nikapiga na picha.

Tumefunga Jumapili na mdogo wangu. Mara ya kwanza haikuwaka kabisa. Tukaichomoa, tukakuta kwenye kesi kuna kile kinguzo cha shaba kilichokuwa kinashika bodi ya zamani, kimegusa mgongo wa bodi mpya mahali pasipo na tundu. Tumekitoa, ikawaka.

Sasa shida iliyonileta. Nembo ya Windows inatokea, duara linazunguka kidogo, kisha skrini ya bluu: INACCESSIBLE BOOT DEVICE. Inajizima na kuwaka, bluu tena. SSD inaonekana kwenye BIOS. Kesho Jumatatu na nina kazi za watu ndani. Naogopa kuifuta. Nifanyeje?

FundiMchikichini:

Usifute chochote dada. Data yako iko salama, nina hakika nimeijua.

Bodi yako ya G41 ilikuwa inaziendesha SATA kwa mtindo wa IDE, ule wa zamani wa bodi kuwasiliana na diski, haikuwa na AHCI, ule mpya. Windows uliiweka ikiwa humo, ikazoea hivyo. H61 inaanza na AHCI. Windows inawaka, inatafuta diski kwa draiva ya zamani, haipati, inaanguka.

Ingia BIOS, tafuta SATA Mode, ibadilishe kutoka AHCI kuwa IDE. Hifadhi, washa. Inatakiwa iingie kwenye Windows kawaida. Ikiingia, tulia, isubiri imalize kujitambulisha vifaa vipya, inaweza kuchukua dakika kadhaa na skrini kucheza cheza.

Kisha bonyeza kitufe cha Windows na R, andika msconfig, nenda sehemu ya Boot, weka tiki kwenye Safe boot, kubali kuwasha upya. Inapowaka ingia BIOS tena, rudisha AHCI, hifadhi. Windows itaingia kwenye Safe Mode, hali ya kuwaka na vitu vichache tu vya lazima, na humo ndimo itachukua draiva ya AHCI yenyewe. Rudi msconfig, toa ile tiki, washa upya. Basi.

Kabla ya yote, ukishaingia ile mara ya kwanza kwa IDE, nakili kazi za wateja kwenye ile hadidiski ya GB 250. Sitegemei litokee baya, lakini ni kazi za watu.

Mwl_Fizikia:

Ongeza hili: ikikudai uhakikishe leseni baada ya kubadili bodi, nenda Settings, Activation, Troubleshoot, uchague kwamba umebadilisha vifaa hivi karibuni. Leseni ya boksi ya kununua dukani inahama. Ile inayokuja na mashine ya kampuni ndiyo inayobaki na bodi yake.

MamaSteshenari_Moro:

Saa nne usiku, imekubali!

IDE iliingia mara moja. Nimenakili kazi zote kwanza, GB 31, nikakaa hadi ilipomaliza. Kisha nimefuata hatua moja moja, mdogo wangu ananisomea kwenye simu, mimi nabonyeza. Safe Mode ilivyokuja na maandishi makubwa nilishtuka, nikadhani nimeharibu, kumbe ndivyo ilivyo. Leseni iliuliza, nimefanya kama Mwalimu alivyosema, imepita.

Leo Jumatatu nimeifanyisha kazi kutwa. Inawaka kwa sekunde ishirini na mbili. Photoshop, kurasa tisa za kivinjari na Word mbili vyote wazi, Memory 61%, na CPU ikiruka inashuka hapo hapo. Mchana nilikuwa na wanafunzi watano benchi, na hakuna hata mmoja aliyeangalia saa.

Hesabu kwa atakayesoma baadaye: SSD 65,000, bodi 75,000, prosesa 55,000, RAM 30,000, feni 12,000, pawa 25,000, dawa 3,000, treni 26,000. Jumla 291,000. Ufundi sijalipa, nimempikia mdogo wangu pilau.

Yule binti wa mpunga wa Kilombero nilimpigia. Aliwasilisha kwa kuchelewa dakika kumi, wakampokea. Amesema masahihisho yakirudi ataleta kwangu.

Fundi, naomba jambo moja la mwisho. Kile kibati cha nyuma cha kufunikia matundu ya bodi sikupewa, na hapa kuna vumbi na mijusi. Nikirudi Kariakoo nakipata peke yake, au nikate cha bati mwenyewe?

FundiMchikichini:

Hongera sana dada. Kibati cha bodi hiyo hiyo kukipata peke yake ni vigumu, kila bodi ina matundu yake. Kata kadibodi ngumu kwanza, uitoboe kwa kufuata matundu, uifunge kwa gundi ya karatasi upande wa nje. Usitumie bati la kukata kwa mkasi, likilegea likaangukia ndani litagusa bodi. Nina mabaki ya vibati dukani, nitumie picha ya nyuma ya bodi nikutafutie. Nikikipata nitakupa mtu wa basi akuletee Msamvu.